Ram Niliyoipiga Tupa

Mwalimu Majura,

Nina miaka sabini na tisa sasa. Nimezika wake wawili, kaka zangu wote watatu, na injini za boti nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na katika hizo hakuna hata moja iliyofia mikononi mwangu. Zote zilifia mikononi mwa mafundi wengine baada ya mimi kukataa kuzishika tena. Nilikuwa nimejipanga nitangulie mimi, wewe ubaki uniandikie, maana mwenye mwandiko ni wewe. Mimi hizi herufi ulinipa wewe, kwenye darasa la watu wazima, nina ndevu tayari, ukanichapa rula vidoleni mbele ya watu kwa sababu ya herufi moja niliyoigeuza. Leo naandika kwa mkono wangu. Herufi itakayolala, iache ilale.

Msibani kwako, pale Butimba, wazee wa Mwaloni, wale wenzetu wa soko la samaki, walikuja wote. Tulikuwa tumekaa nje, na mimi nikaanza kuwahadithia ile safari ya Ukerewe, kama ninavyofanya siku zote. Manyama, yule muuza nyavu, akanikatisha. Akasema, "Shija, na sasa shahidi wako amelala, tutamwuliza nani?" Watu wakacheka. Msibani kwako, Mwalimu, walicheka. Mimi, ambaye hakuna mtu amewahi kunimaliza kwa maneno kuanzia Kirumba mpaka Usagara, nilitazama viatu vyangu.

Hadithi yenyewe unaijua. Boti imetoka Ukerewe na watu kumi na mmoja, mama yako mgonjwa yumo, na wewe umo, yeye amelala kwenye mkeka, tunamleta hospitali. Katikati ya maji, upepo umechafuka, injini inakufa. Na kijana Shija anaifungua kwenye mawimbi yale yale na kuifufua. Tangu siku ile nikawa Shija Injini. Kwa jina hilo nilioa, nikajenga, nikasomesha. Hata Usagara, ambako hakuna dimbwi la kuoshea miguu, watu walinijua.

Na kila nilipoihadithia, wewe ulikuwa unasikiliza mpaka mwisho, halafu unaniuliza neno moja tu. "Na shati?" Basi. Watu walidhani ni utani wetu wa kizee usio na kichwa wala miguu. Mimi nilikuwa naomba chai.

Mwaka wako wa mwisho ulisema hadithi za maisha yangu ziingie kwenye kompyuta, wajukuu wasije wakasema babu alikuwa mvuvi tu. Kila Alhamisi nilikuja, mimi nasema, wewe unabonyeza kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini. Ukabandika na picha za zamani, nyingi. Ukaniahidi ukurasa wa mwisho utauandika peke yako, kama shahidi. Faili likawa zito. Ukilifungua, kale kaduara kanazunguka weee, halafu kila kitu kinaganda. Ukasema, "Mashine inataka ram, Shija. Nikipata nafuu tutaongeza."

Hukupata nafuu.

Tulipoanua matanga shemeji, mke wako, alinipa kompyuta yako. Alisema, "Chukua, shemeji. Mimi nikiiona pale mezani naona mgongo wake umeinama." Nikaileta kwangu Kirumba. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Nifungue lile faili, nifike ukurasa wa mwisho, niuprinti, nimbandikie Manyama usoni.

Sasa sikia nilichofanya, na usicheke kabla sijamaliza.

Nilikwenda kwa wauza vifaa vya mtumba kununua ram. Muuzaji akaniuliza mashine yako ni ya aina gani, ram iliyomo ni ipi, umekuja nayo tufananishe? Nikamwambia jicho hili limetazama vyuma miaka sitini, halihitaji kufananisha. Mwalimu, mimi! Mimi niliyekuwa nawafukuza watu dukani kwangu wakija kununua plagi bila plagi ya zamani mkononi!

Nilipofika nyumbani nikafungua sanduku la mashine yako. Ram ni kibao chembamba, urefu kama kitana, chini kina meno ya dhahabu na katikati ya meno kuna pengo. Kwenye mtaro wake ndani ya mashine kuna kinundu, na kinundu kinakaa kwenye pengo. Yangu ilikuwa na urefu ule ule, lakini pengo lilipishana na kinundu. Kidogo tu, nusu ya ukucha wa dole gumba. Nikasema, kumbe ni hivyo tu. Kwenye injini kitu kikikataa kiasi hicho kinapigwa tupa. Nikachukua tupa nikaichongea pengo jipya, pengo zuri, limenyooka, kiwandani wenyewe wangenipa kazi. Nikaikandamiza kwa dole gumba ikaingia. Nikawasha.

Ikalia. Pii, pii, pii. Skrini nyeusi. Na harufu, ile harufu ya waya ulioungua.

Nikaitoa haraka nikarudisha ile ya zamani peke yake, ile uliyoiacha wewe. Pii, pii, pii. Nikakaa chini sakafuni. Nikasema, Shija, safari hii umemuua wewe mwenyewe.

Siku tatu sikutoka nyumbani. Shemeji akanipigia simu, "Imesoma?" Nikamwambia bado inapata moto.

Siku ya nne nikaitia kwenye kiroba nikaipeleka kwa Fundi Koku. Huyu hukumjua. Ni mama wa makamo, Mhaya, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, ana kibanda cha kompyuta nyuma ya uwanja wa mpira. Akanipa shikamoo, nikaitika. Nikampa ile ram. Akavaa miwani, akaiinua kwenye mwanga.

"Mzee, nani kafanya hivi?"

Nikasema fundi mmoja.

"Huyo fundi akamatwe." Akaigeuza. "Lakini ana tupa nzuri."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikasema, "Ni ya Kijerumani hiyo."

Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Halafu akanieleza, kwa heshima, nisimwonee. Kwamba ram zina vizazi. Ile niliyonunua ni kizazi cha nyuma, umeme wake mwingine, mpangilio wa meno yake mwingine. Lile pengo limepishanishwa makusudi, ili mtu asiweze kuiingiza hata akitaka. Nikamwambia basi aliyelipanga hakumjua Msukuma.

Nikamwuliza lililonipeleka. Nikamwuliza kama maandishi yako yameungua. Akasema, "Mzee, maandishi hayakai kwenye ram. Ram ni meza ya kufanyia kazi. Umeme ukizima, meza inafagiwa. Maandishi yako kabatini, kwenye diski. Nikuhamishie kwenye flashi ukasome kwingine?" Nikakataa. Nataka niyasome kwenye mashine ya Mwalimu, alipoyaacha. Akasema nina kichwa kigumu. Nikamwambia ndicho kilichonifikisha hapa.

Basi akaanza. Akapuliza vumbi la tupa yangu kutoka kwenye mtaro, akasugua kwa brashi ndogo. Mtaro ule mmoja akasema umeathirika, tutumie mingine. Akatia ram nyingine, ya kizazi sahihi, pamoja na yako. Ikalia. Mimi nikamwambia aikandamize zaidi. Akanitazama juu ya miwani. "Hatukandamizi, mzee. Tunatoa zote, tunajaribu moja moja." Ile mpya peke yake, ikawaka. Yako peke yake, ikalia. Nikajua anakwenda kuniambia itupwe, na nilikuwa nimeshapanga matusi.

Hakusema hivyo. Alifungua droo akatoa raba ya mtoto wa shule, ile ya kufutia penseli. Akashika ram yako kwa ncha za vidole, akaanza kuyasugua yale meno ya dhahabu. Taratibu. Upande huu, akageuza, upande huu. Akaipuliza. Akairudisha.

Mwalimu, nilitoka nje. Nilimwambia nakwenda kutema mate. Nikasimama nyuma ya kibanda, nikashika ukuta, nikalia hadharani, watu wanapita na mafungu ya dagaa wananitazama.

Maana ule mkono niliujua.

Nitaisema leo, maana wewe hutamwambia mtu na hukuwahi kumwambia mtu. Injini ilipokufa siku ile, mikono yangu ilikufa nayo. Maji yanaingia, mama yako amelowa kwenye mkeka, kila mtu anamwita Mungu kwa lugha ya kwao. Nilijua ni plagi. Kujua nilijua, hilo usininyang'anye. Lakini niliilazimisha kwa nguvu, ikalegea kidogo, spana ikaniponyoka ikazama ziwani. Nikakaa juu ya dumu la mafuta nikawa namwita mama yangu. Wewe, na chaki bado kwenye kucha, ulichukua plaizi, ukaizungusha plagi polepole mpaka ikatoka, ukaifuta kwa mkono wa shati lako jeupe. Upande huu, ukageuza, upande huu. Ukaipuliza. Ukairudisha. Ukaniambia, "Vuta kamba, fundi."

Nikavuta, ikawaka. Watu walikuwa wameinamisha vichwa, na walipoinua waliniona mimi nimeshika kamba. Wakaanza kunishangilia. Nikakutazama, na wewe ukasema kwa sauti, wote wasikie, "Huyu ndiye fundi." Halafu ukakunja mkono wa shati ili doa la oili lisionekane.

Niliporudi kibandani ram yako ilikuwa imewaka. Peke yake. Koku akasema ilikuwa uchafu tu kwenye meno. Ya kwake na yako zikiwekwa pamoja bado ziligoma, zinawaka halafu zinaganda, akasema mbio zao hazilingani. Akapekua makopo yake mpaka akapata moja yenye namba zile zile zilizo kwenye karatasi ya yako. Akaziweka zote mbili. Akawasha.

Haikulia.

Faili likafunguka. Picha zikapita, wewe na mimi, mimi na ile suruali pana. Koku anashusha, mimi nimeshika kiti. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari mitatu tu. Sasa nimeikariri.

"Nilikuwemo katika boti ile. Yote aliyoyasema Shija ni kweli. Shati nililifua mwenyewe."

Koku akauliza, "Shati gani?" Nikamwomba chai.

Nimepata karatasi niliyoitaka, Mwalimu. Ningeweza kuiprinti saa ile ile na kwenda nayo Mwaloni, Manyama asingekuwa na la kusema mpaka anakufa. Lakini ni uongo. Umeuandika wewe, uliyenichapa vidole kwa herufi moja. Wewe ambaye hukuwahi kumpa mwanafunzi hata alama moja ambayo hakuipata. Ulikuwa mgonjwa, na katika mistari yako ya mwisho mitatu, mmoja ukautumia kunidanganyia watu. Kwa nini hukuniuliza? Ningesema usifanye hivyo. Sijui. Labda nisingesema.

Niliirudisha mashine nyumbani, nikakaa mbele yake, nikaandika chini ya maneno yako kwa kidole kimoja. Nilianza asubuhi, nikamaliza watoto wanarudi kutoka shule. Niliandika kama nilivyokuandikia hapa, spana, dumu, kumwita mama, vyote. Sikufuta mistari yako. Niliiacha juu, yangu iko chini yake.

Jumapili nikaenda Butimba kumsomea shemeji. Alisikiliza bila kunikatisha. Nilipomaliza akaingia ndani, nikadhani amekasirika, nikaanza kutafuta fimbo yangu niondoke. Akatoka ameshika shati. Lile lile, Mwalimu, limekuwa rangi ya maziwa yaliyokaa. Akasema, "Alinikataza kulifua. Alilifua mwenyewe mara tatu, doa halikutoka, nikamwuliza mwalimu na oili ya injini wapi na wapi. Akacheka tu." Hata yeye hukumwambia. Maisha yote ya ndoa, hukumwambia.

Tulikaa pale mpaka jua likazama. Alhamisi bado nikiamka natafuta kofia nije kwako.

Sasa nakuaga, na ninachokuahidi ni hiki. Jumamosi hii nakwenda Mwaloni, wakati wazee wote wamekaa na Manyama yupo. Nitasoma ukurasa wa mwisho, mistari yako na yangu, kwa sauti, bila kuruka. Najua watu wale. Kuanzia Jumamosi nitakuwa Shija Shati mpaka kaburini. Nitaitika.

Wabeja, asante, Mwalimu. Pumzika. Mkono wako ulikuwa wa fundi, na mimi nilijua tangu siku ile.

Atakayebisha barua hii aende Kirumba kwa Fundi Koku, ile ram ameitundika ukutani kwa msumari, kila mteja anaonyeshwa pengo langu. Au aende Butimba kwa Mama Nyangeta, mke wako, aonyeshwe shati, mkono wa kulia, karibu na kifungo. Na kwa yale ya ziwani, wale kumi na mmoja sijasikia aliyebaki. Nimebaki mimi. Nilikuwemo katika boti ile.

Shija