Gari la Maili Elfu Sabini na Moja

Jumatatu, 3 Oktoba 1955

Nimesahihisha madaftari ya hesabu ya darasa la sita. Arobaini na mawili. Kisha nimerudi kwenye orodha yangu ya mambo ya kukagua kwenye gari. Rangi, tairi, taa, honi, viti, milango, mita ya maili. Yamefika kumi na tisa. Leo nimeongeza la ishirini: moshi.

Mke wangu Tabitha ana mimba ya miezi minane. Daktari wa Mbeya alisema mtoto amekaa vibaya, huenda akatolewa kwa upasuaji. Afikishwe hospitali kabla ya tarehe 25. Tena asipandishwe juu ya magunia ya lori. Na hapa Isansa hakuna kingine ila lori.

Mtoto wetu wa kwanza alifia barabarani tukilisubiri. Halikuja. Sitasubiri tena. Nimeweka akiba ya kahawa na ya ualimu, inatosha gari dogo lililotumika sana. Leseni ninayo tangu mwaka jana, nilijifunzia lori la misheni.

Naogopa.

Jumamosi, 8 Oktoba

Tunduma. Nimefika jana kwa lori, mgongo unauma.

Gari nililoambiwa ni la mfanyabiashara mmoja wa nguo. Buluu, linang'aa kama sahani mpya. Mita inasoma maili elfu kumi na moja. Nilitoa orodha. Kufika la kumi na nne nilikuwa nimeshalipenda. Yote yalikuwa sawa. Nilitaka kulipa hapo hapo.

Shemeji yangu Andrea, kaka yake Tabitha, alikuwa ameniapisha nisinunue bila Fundi Lazaro. Nikamfuata. Mtu mfupi, kaptura ya jeshi, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Aliendesha malori Burma wakati wa vita. Babu yake alikuwa mmoja wa wale wayeyushaji chuma wa Mbozi.

Orodha yangu aliisoma yote, kwa heshima, kisha akanirudishia. Akaweka kiganja juu ya boneti.

"Limepashwa moto, Mwalimu. Mgonjwa amekunywa dawa kabla hatujafika."

Muuzaji akacheka. Alisema alilisogeza tu kutoka kivulini. Fundi akapiga magoti akanionyesha pedali ya klachi. Mpira umelika hadi chuma kinaonekana. Akashika usukani, mahali vidole vinaposhika: umekuwa laini, una mabonde. Akauinua mlango kwa kidole kimoja, ukacheza kwenye bawaba. Aliniuliza kama maili elfu kumi na moja zinaweza kula mguu na mkono na mlango namna ile. Mimi mwalimu wa hesabu. Niliona aibu.

Akafungua kifuniko cha oili. Ndani yake utando kama maziwa yaliyoganda. Maji yameingia kwenye oili.

Halafu akatoa nyundo ndogo akalala chini ya gari. Akagonga chasisi, tik, tik, kidogo kidogo, sikio likiwa karibu. Muuzaji akachoka.

"Wewe Fundi, unanunua gari au unaoa?"

"Mke akinichoka ataenda kwao kwa miguu yake. Hili likichoka nitalibeba mimi."

Tik, tik, tok. Akarudia pale pale. Tok. Akakwangua rangi kwa kisu. Chini yake palikuwa na ufa uliochomelewa. Ningetazama kwa macho yangu mawili nisingeuona mwaka mzima. Yeye aliusikia.

Sikununua.

Jumapili, 9 Oktoba

Kanisani nilimwona Fundi akiimba besi. Baada ya ibada alinifundisha mpaka mchana, akichora ardhini kwa kijiti. Injini ya baridi ndiyo inayosema kweli. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma ni maji. Tairi iliyolika upande mmoja inakueleza habari za springi na chasisi. Haulizi kwanza gari limetembea kiasi gani. Anauliza limetunzwa na nani.

Sijapata mwalimu wa namna hii tangu nilipoacha sekondari. Nimeandika yote.

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimerudi Isansa mikono mitupu. Miguu ya Tabitha imevimba. Alinipakulia chakula kwanza. Hilo lilinichoma zaidi.

Alhamisi, 13 Oktoba

Mama yake Tabitha amefika kutoka Kamsamba kwa ajili ya uzazi. Yuko kwa Andrea. Ameleta mchele. Nilipopata habari nilipita njia ya shambani.

Barua kutoka kwa Fundi: kuna gari jingine. Niende upesi.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nimenunua. Niandike kwa utaratibu.

Mwenye gari anaitwa Bwana Yotamu, Mnamwanga, amerudi mwezi uliopita kutoka migodi ya shaba. Ana ndugu pande zote mbili za mpaka na kila akimaliza sentensi anatia "mukwai", kwa heshima ya kule. Gari ni la kijivu, milango miwili. Rangi imepauka, bafa la nyuma limefungwa kwa waya. Mita: elfu sabini na moja. Nikaisoma tena.

"Mukwai, usiniulize kama ni kweli," akasema. "Mwenyewe nilikuwa ndani yake."

Fundi alikuwa amemwagiza asiliwashe tangu jana. Kiganja kwenye boneti: baridi kama jiwe. Ndani ya boneti kuna vistari vya rangi nyeupe, vitano vitano, kama tunavyohesabu magunia. Kila alipobadili oili alichora kimoja. Fundi alivihesabu vyote, vikalingana na mita. Kisha akanigeukia, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Akatia hendeli mbele, akaizungusha polepole bila kuwasha. Kila nusu mzunguko mkono wake ulikutana na ubishi. Akanipa nami nizungushe. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Ubishi wote sawa.

"Pistoni nne, zote zinakula sahani moja," alisema.

Kifuniko cha oili safi. Maji ya rejeta hayana mafuta juu. Tuliinua magurudumu ya mbele kwa jeki, akayatikisa: la kushoto linacheza kidogo. Jani moja la springi ya nyuma limevunjika. Tairi moja imelika upande wa ndani. Bwana Yotamu alikuwa amekwisha kututajia yote matatu kabla hatujainama. Fundi akasema haya yana dawa. Nyundo chini ya chasisi: tik, tik, tik, hadi mwisho.

Likawaka mara ya pili. Moshi kidogo, ukaisha. Tukapanda kilima cha barabara ya Mbozi, tukashuka Fundi akiwa ameondoa mguu kwenye mafuta, kisha akakanyaga ghafla huku mimi nikitazama dirisha la nyuma. Hakuna buluu. Kwa galoni moja linakwenda mbali kuliko nilivyodhani, na Fundi hakuamini hilo mpaka alipolipima mwenyewe kwa chupa ya petroli.

Springi imebadilishwa jioni ile ile. Bwana Yotamu alilipapasa paa kabla ya kunipa ufunguo. Nikageuka nisimwone uso.

Jumapili, 16 Oktoba

Nimeendesha mwenyewe Tunduma hadi Isansa. Sikuzima injini hata mara moja. Igamba watu walisimama barabarani. Nyumbani vigelegele. Andrea alilizunguka kama anakagua fahali, akabonyeza tairi, akasema limekonda lakini lina mifupa. Tabitha aliingia nyuma, akaketi, akalala kwa ubavu kujaribu. Anatosha. Nilikuwa na furaha kama mtoto.

Kisha akainuka akaniuliza, pole pole: "Na mama atakaa wapi?"

Nikapima kiti kwa macho.

Kwetu mwanamume hakutani na mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hasemi naye, haketi naye chini ya paa moja. Akimwona anakuja, anaacha njia. Nina miaka sita ya ndoa, uso wake sijauona. Kwenye lori shida hii haipo: mimi mbele kwa dereva, wao nyuma na mizigo. Hili ni chumba kimoja. Kati ya mgongo wangu na magoti yake hapapiti hata mkono. Na Tabitha hawezi kwenda bila yeye, ni lazima ashikwe njia nzima.

Mambo ishirini kwenye orodha. Pamoja na ya Fundi, zaidi ya thelathini. Hili hakuna aliyeliona. Fundi mama mkwe wake alishafariki.

Mpumbavu mimi.

Jumatatu, 17 Oktoba

Andrea hajui kuendesha. Dereva wa misheni yuko safari. Nimemtumia Fundi barua aje atuendeshee. Mimi nitafuata kwa baiskeli.

Jumatano, 19 Oktoba

Fundi amejibu. Atakuja Jumapili tarehe 23. Inatosha, kama mtoto atakubali kungoja.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nimewasha gari asubuhi. Mara ya kwanza tu. Oili ipo palepale. Mawingu upande wa Rukwa.

Jumamosi, 22 Oktoba. Mbeya

Hakungoja.

Jana saa mbili asubuhi nilikuwa ubaoni. Msichana wa jirani akaja mbio. Uchungu umeanza, na maji yametoka. Nilifika nyumbani nikamkuta Tabitha ameshika nguzo ya baraza, midomo imekauka. Nilimweka kwenye gari, nyuma. Nikamwambia Andrea mama asiende, nitakwenda na mke wangu peke yetu. Andrea akasema huyu atakufia njiani, nani atamshika? Nikasema basi mama aende, mimi nitatazama mbele tu. Akasema, shemeji, watu watasema nini? Ukoo utasema nini?

Tulikuwa tunabishana hivyo nilipoona kitambaa cheusi cha mama mkwe kinatoka nyumbani kwa Andrea. Nikaruka nyuma ya migomba. Nilisikia mlango wa gari ukifunguliwa. Ukafungwa. Hakuuliza mtu.

Nikaja kinyumenyume. Nikaingia macho chini. Kioo cha katikati nikakigeuza kitazame paa, nisije nikauona uso wake. Kwa hiyo sikuweza kumwona Tabitha pia. Nilimsikia tu.

Vumbi. Kila tuta nilifunga taya. Kwa kitambo nyuma hapakuwa na sauti ila ya Tabitha akiuma nguo. Kisha mwanamke mzee akasema, kwa lugha ya nyumbani, wazi kabisa:

"Wewe gari. Taratibu. Mwanangu yumo."

Hakusema na mimi. Alisema na gari. Nikapunguza mwendo.

"Wewe gari, sasa kimbia. Hapa ni tambarare."

Nikakimbia.

Tulipofika mlima wa mwisho sindano ya joto ikaanza kupanda. Nilijua nikisimama hatutaondoka. Fundi alikuwa amenifundisha: gia ndogo, mguu mwepesi, usiikasirikie. Tabitha alikuwa amenyamaza. Nilitaka kuuliza kama anapumua, na sikuwa na mtu wa kumwuliza. Jasho likaniingia machoni. Mwishowe nikauambia usukani:

"Gari, mwulize mama kama mwanawe yu hai."

Jibu likaja kutoka nyuma:

"Gari, mwambie bwana wako anapumua. Mwambie asilie, atatutumbukiza korongoni."

Nadhani Tabitha alicheka. Ilikuwa sauti ndogo sana, lakini naapa alicheka.

Tukapanda. Injini haikukata hata mara moja. Pistoni nne, ubishi sawa. Nilipoona mabati ya hospitali nilitaka kushuka niibusu rejeta, ningeungua.

Upasuaji ulifanywa jana mchana. Nesi alitoka akasema ni msichana, wote wazima. Nilikaa chini kwenye mchanga.

Yule mzee wa Kamsamba hajafika shule hata siku moja. Sijawahi kuona akili ya namna ile, wala ujasiri.

Jumanne, 25 Oktoba. Mbeya

Siku ya nne. Tabitha amekula uji. Nimezungumza naye dirishani, amekonda lakini sauti ni yake. Ndani siingii. Mama yake haondoki pembeni ya kitanda, mchana wala usiku. Manesi wananicheka: baba wa mtoto anazunguka nje kama mwuza mayai. Mtoto nilikuwa bado sijamwona.

Leo asubuhi nilikuwa nalipangusa gari vumbi. Jua zuri. Nikamwona yule wa kitambaa cheusi anatoka wodini, nesi nyuma yake. Nikaondoka haraka, nikasimama nyuma ya tangi la maji, mgongo kwao.

Mlango wa gari ukafunguliwa.

"Wewe gari," akasema. "Mshike huyu. Baba yake anakuja."

Ukafungwa taratibu. Nyayo zikarudi wodini. Nesi alibaki kando ya gari, akaniita nije.

Kwenye kiti cha nyuma, ndani ya shuka nyeupe, amelala. Nywele nyingi. Ngumi imefungwa.

Niliingia nikaketi pembeni yake. Hatukwenda popote.