Madirisha Thelathini na Nane ya Bi Miwani

Shangazi yangu, shikamoo. Nakuomba unijibu kwenye gazeti la Jumamosi hii, usingoje jingine, kwa sababu Jumapili mchana simu yangu italia na nitaulizwa swali lilelile, na mimi nimechoka kudanganya.

Nafanya kazi hospitali, siyo ya sindano, ni ya kompyuta, kwenye chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, na niliingia pale nikiwa na miaka ishirini na mbili sijui hata kuwasha printa, akanipokea mama mmoja tuliyemwita Bi Miwani kwa sababu alikuwa na miwani usoni, na nyingine kichwani, na bado anauliza nani kaiona miwani yake. Huyo ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Chumba chetu kilikuwa na feni inayokwaruza, na ile printa ya zamani yenye kelele hadi tukawa tunaongea kwa mikono, na chupa ya chai iliyopoteza kifuniko tukawa tunaifunika kwa kisahani, na Shangazi, sijawahi kuwa na furaha kazini kama miaka ile.

Manesi wakati ule waliiogopa kompyuta, wanagusa kitufe kwa kidole kimoja kisha wanarudi nyuma, na Bi Miwani alikataa katakata tuwacheke. Nesi mkuu wa wodi akija kuomba orodha ya wagonjwa wake, yeye alikaa akaandika amri ya SQL, ile lugha ya kuiuliza kompyuta kilichomo, akaihifadhi kwa jina, ili kesho nesi abonyeze jina tu orodha itoke, na jina lenyewe alilitoa kwa huyohuyo aliyeomba: Mama Polepole, Dada Haraka, Mzee wa Zamu. Tukayaita madirisha, maana unafungua unaiona wodi yako. Wengine wamestaafu, wengine tumewazika, lakini majina yao bado yamo kwenye mashine, na mimi asubuhi nikimfungua Mama Polepole naisikia kabisa harufu ya sabuni aliyokuwa ananawia. Dirisha la kwanza kabisa lina maneno aliyoyaandika Bi Miwani mwenyewe pale juu, "Hili ni la muda tu, tutatafuta njia nzuri zaidi," na tarehe ya miaka kumi na tisa iliyopita. Tulikuwa tunalicheka sana hilo.

Sasa ndiyo balaa. Madirisha yalifika thelathini na nane, na yote ni ndugu wa tumbo moja, maneno yaleyale, tofauti ni namba ya wodi. Mwaka huu hospitali ikabadili utaratibu, kwamba mgonjwa aliyetoka upasuaji na bado yuko chumba cha kuangaliwa ahesabiwe kuwa ni wa wodi yake, kwa hiyo ikanibidi niyarekebishe yote, moja baada ya jingine, nikarekebisha thelathini na saba. La Dada Haraka nikaliruka, sijui nilikuwa nawaza nini. Siku tatu baadaye akaja binti mmoja mapokezi na mfuko wa nguo safi za baba yake, karani akafungua dirisha la Dada Haraka, jina hakuna, akamwambia, "Huyu hayupo tena hapa." Yule binti akaelewa baba yake amefariki. Alikaa palepale sakafuni na mfuko wake, na ilipita saa nzima kabla nesi mmoja hajapita akasema mzee yuko hai, ameamka, anaulizia soksi zake.

Bosi wangu, kijana mstaarabu tu, hakunifokea. Alisema niandike fanksheni moja, yaani amri unayoitajia kwanza wodi ipi na siku ipi ndipo ikupe orodha, halafu madirisha yote yafutwe. Nimeiandika kwa siku mbili, na inafanya kazi vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Lakini kufuta nimeshindwa. Nimemwambia bosi nimeshafuta na sijagusa hata moja, na karani wa mapokezi anaendelea kuyafungua kwa kuwa ameyazoea. Na Bi Miwani, ambaye sasa magoti hayamruhusu kutoka nyumbani, hunipigia kila Jumapili na salamu yake ni moja, "Madirisha yangu hayajambo?" na mimi hujibu hayajambo, Mama. Nikiyafuta nitamjibu nini?

Mwenye Kisahani

*

Marahaba, mwanangu Mwenye Kisahani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nililia, ya pili nikakasirika, na kwa kuwa mimi ni mtu wa mashine ya taipu nimemwita mkwe wangu, anayeshinda kwenye hayo mambo yenu, tukaisoma pamoja ya tatu.

Nianze na hasira niitue. Umemdanganya bosi, umemdanganya mama wa watu, na karani umemwachia afungue kitu ambacho unajua kilimkalisha binti wa watu sakafuni. Hata hukuniambia kama la Dada Haraka umesharekebisha. Naomba Mungu uwe umefanya. Utaratibu utabadilika tena, hospitali ndivyo zilivyo, na siku hiyo utarudi kuhesabu thelathini na nane kwa kidole. Kumbukumbu zako za ujana ni nzuri, lakini usizilaze kwenye wodi za wagonjwa.

Haya, na pole. Najua unachokililia. Nilipoacha ofisi niliondoka na riboni ya taipu iliyokauka, haiandiki hata nukta, ipo kwenye droo yangu na ole wake atakayeitupa. Ila sijamlazimisha mtu aandikie barua kwa riboni ile.

Mkwe wangu anasema dirisha lenyewe halina kosa. Swali ambalo halibadiliki kwa yeyote anayeuliza, kwamba nani anahesabiwa wa wodi ipi, tangu lini hadi lini, linakaa vizuri kwenye dirisha. Linalobadilika, nipe wodi hii, nipe siku ile, hilo ni la fanksheni. Kosa lenu ni kuandika kanuni moja mara thelathini na nane. Basi lichukue dirisha la kwanza, lile lenye maneno yake, toa namba ya wodi, ubakize kanuni, na fanksheni yako isome kutoka hapo. Kanuni ikibadilika unagusa sehemu moja. Hayo mengine yachapishe na majina yake, uyaweke kwenye faili leo hii, na Jumatatu ndipo uyafute. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Jumatatu asubuhi nenda kwa bosi ukaseme ukweli, yote, bila kujikuna kichwa. Mwambie na hilo moja unalotaka libaki, na sababu yake. Kisha kaa na karani, umwekee fanksheni nyuma ya kitufe, achague wodi kwenye orodha, asiandike kitu. Usimcheke. Ulifundishwa.

Lakini kabla ya Jumatatu ipo Jumapili. Usiingoje simu. Beba hiyo faili na hicho kisahani uende kwa Bi Miwani kwa miguu yako, kwa kuwa yake imemkatalia. Umeniuliza utamjibu nini, na jibu umeniandikia mwenyewe ukalipita bila hata kulisalimia. Alisema ni la muda tu. Yule mama alikuwa anawahurumia manesi, na miaka kumi na tisa ameingoja hiyo njia nzuri zaidi, wewe unamwambia hayajambo.

Akikuuliza, mwambie litabaki moja, lile la kwanza, na maneno yake bado yako pale juu. Mwambie na ile njia mliyosema mtaitafuta, umeipata.