Bibi Yuko Hai, Usaili Unamtaka Marehemu

Mpendwa Shangazi Saramma,

Nisaidie kabla ya Ijumaa, na kama barua hii itakufika Ijumaa imeshapita basi itupe tu, maana mambo yatakuwa yameshaharibika. Naitwa Rinsi, niko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa New Jersey, Marekani, na safu yako huwa namsomea Ammachi, bibi yangu mzaa baba, kila gazeti likiletwa kutoka kanisani, kwa hiyo usishangae nikikuandikia kama mtu anayekujua.

Nimeitwa kwenye usaili wa ile programu ya kuunganisha, yaani ukitoka sekondari unaingia chuo kikuu na shule ya udaktari wanakuwekea nafasi hapohapo, huombi tena, hufanyi ule mtihani mkubwa unaoliza watu, ukishika alama zako tu mwishoni unatoka daktari. Wanaoomba ni maelfu na wanaochukuliwa wanaenea kwenye basi dogo la shule. Amma, mama yangu, ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, na habari ya kuitwa ilipokuja alipiga magoti jikoni akiwa bado na viatu vya kazini, akalia, nami sikuwahi kumwona analia, hata Ammachi alipopimwa wakasema ni saratani ya kongosho hakulia, aliuliza tu dozi.

Basi akanitafutia mwalimu wa usaili, Dokta Lindquist, mzee mstaafu ambaye zamani alikuwa akikaa upande ule mwingine wa meza, wa wanaouliza, tunaonana naye kwenye kompyuta jikoni. Siku ya kwanza akaniuliza kwa nini nataka udaktari, nikasema napenda sayansi na napenda kusaidia watu, akapiga miayo waziwazi. Akasema, "Binti, hilo jibu nimelisikia mpaka nikaliota." Wakati huohuo Ammachi akaguna nyuma yangu, maana hawezi tena kupanda ngazi na kitanda chake tumekiweka chumba cha kulia, ukuta mmoja na jikoni.

"Nani huyo?" akauliza Dokta Lindquist.

"Bibi yangu. Anaumwa. Hatapona."

"Sasa mbona unanipotezea muda? Hadithi yako imelala chumba cha pili!"

Tukaanza kuijenga. Jinsi Ammachi alivyotoka Kottayam, kwetu India, nikiwa bado natambaa, akanilea wazazi wangu wakiwa kazini, akanisuka nywele kwa mafuta ya nazi mpaka wenzangu shuleni wakaniita chapati, jinsi nilivyojifunza kumdondoshea mofini, dawa ya maumivu, chini ya ulimi. Yote kweli, Shangazi. Kisha akauliza, "Na mwisho wake?" Nikasema mwisho wa nini, bado yu hai. Akauliza usaili ni lini na muuguzi wa huduma shufaa, anayekuja kumtunza asiyepona, anasemaje, nikamwambia muuguzi anasema siku zake ni chache. Akatikisa kichwa. "Basi jizoeze kana kwamba imekwisha. Hadithi isiyo na mwisho inamwacha msikilizaji hajui aweke wapi uso wake."

Nikajizoeza. "Bibi yangu alifariki mikononi mwangu, kwa amani, na siku hiyo nikajua nitakuwa daktari." Alinifundisha pa kunyamaza, pa kuinamisha macho, na nikifika kwenye "kwa amani" machozi yananitoka, kila mara, mahali palepale, na sehemu nyingine hayatoki hata nikitaka. Amma alikuja akasikiliza akiwa amesimama kando ya friji, akasema, "Safi. Hapo kwenye amani usiharakishe."

Hakuna aliyefunga mlango. Sote tuliamini Ammachi hajui Kiingereza kwa sababu kanisani na nyumbani ni lugha ya kwetu Kimalayalam tu, lakini mtu aliyetazama kesi za kwenye televisheni kila siku tangu mimi mtoto, hajui?

Jumapili alasiri nilikuwa namlisha kanji, ule uji wa wali, akafunga mdomo, akasukuma kijiko pembeni.

"Mwanangu," akasema, "nilikufa siku gani?"

Nikamwambia Ammachi, dawa zinakuchanganya.

"Zinichanganye nini! Kila siku nakufa hapo jikoni saa ya chai, nasikia. Unasimulia vizuri, hata mimi nilijililia." Akacheka kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi. Kisha akaacha kucheka. "Lakini unasema nilikuwa na amani. Nani kakwambia nina amani?"

Nikaweka bakuli la kanji chini.

"Naogopa, mtoto. Naogopa mpaka meno yanauma. Kasisi anakuja ananiimbia Mbingu. Mama yako ananigeuza, ananipaka mafuta. Baba yako anasimama pale mlangoni anauliza kama nataka maji. Hakuna aliyeniuliza kama naogopa." Akanishika kifundo cha mkono, na huwezi kuamini mtu aliyekonda vile ana nguvu hizo. "Hiyo Ijumaa usiende. Sitaki kuondoka niko na yule mwanamke wa zamu mnayemlipa anikalie mkitoka, hata jina langu hajui kulitamka."

Nikamwambia Amma. Hakufoka, ingekuwa afadhali angefoka. Akasema, "Kila mgonjwa huogopa. Mimi nimesimama korido za hospitali tangu hujazaliwa, nikimngoja daktari kijana aliyehitimu jana aniruhusu kumpa mtu dawa ya maumivu, na mtu analia. Wewe hutasimama hivyo. Utakwenda." Nikamgeukia Appa, baba yangu, maana mgonjwa ni mama yake mzazi, akachukua koleo akatoka kuondoa theluji iliyokwisha kuondolewa. Dokta Lindquist naye akasema nisithubutu kuomba siku nyingine, waahirishaji hawachukuliwi.

Sasa sikiliza lililonifanya nikuandikie. Juzi asubuhi nilipita chumbani kwake, amelala hatikisiki, na kabla sijaogopa, Shangazi, nilifurahi. Niliwaza: basi sasa si uongo. Halafu akakohoa, nami nikaingiwa na masikitiko kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Niende au nisiende? Nikienda niseme nini? Na mtu wa namna hii, kweli anafaa kumgusa mgonjwa?

Rinsi, New Jersey

*

Rinsi, mwanangu,

Nakujibu leo hii kwa barua pepe, sisubiri gazeti. Wasomaji watalikuta jibu hili gazetini baadaye, kama utaniruhusu.

Kwanza lile la kufurahi, kwa sababu najua hutasikia lolote kabla ya hilo. Kuna anayeomba mgonjwa wake apumzike, na hata malaika hamlaumu. Wewe hukuomba hivyo. Ulitaka bibi afe ili maneno yako yakae sawa. Ni jambo baya na sitalipaka sukari. Lakini jiulize limetoka wapi. Umekaa siku nyingi unamzika mtu kwa mdomo, ukipongezwa na watu wazima wawili kila ukimzika vizuri zaidi. Ungekuwa wa jiwe kama lisingekuingia. Umelisema, umeliandika, umelionea haya. Yule ambaye ningemwogopa kando ya kitanda changu nikiumwa ni yule ambaye asingegundua kwamba alifurahi.

La pili ni hili, na hapa nakukaripia. Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali unaposema kwa nini unautaka udaktari. Hapapo. Kuna magoti ya mama yako, kuna miayo ya mzee wako wa kompyuta, kuna bibi na mafuta yake ya nazi. Wewe uko wapi? Sisemi huutaki. Nasema hukupewa nafasi ya kujua, na badala ya kujua ulikwenda kuazima kifo cha mtu ambaye bado anakitumia.

Sasa inuka ufanye haya, leo, siyo kesho.

Wapigie chuo simu au waandikie, mistari michache: bibi aliyenilea yuko katika siku zake za mwisho nyumbani, naomba siku nyingine. Basi. Usimwulize mwalimu wako, usimwombe mama yako akusomee kwanza. Wakikataa, Ijumaa utakuwa kando ya kitanda na hiyo nafasi itakwenda kwa mwingine, nawe utaumia, na utaishi. Shule ya udaktari ina milango mingine. Wengi wa madaktari walionishona mimi waliingia kwa ule mlango wa njia ndefu.

Rudi kwa Ammachi umwombe radhi. Usijieleze. Sema "Nimekosa" halafu ukae. Kisha mwulize anaogopa nini hasa, na akianza kusema usimkatize kwa Mbingu wala kwa maji. Mwambie muuguzi wa huduma shufaa kwamba mgonjwa ana hofu. Hofu nayo ina dawa yake, na ina watu waliosomea kuisikiliza.

Siku ya usaili ikifika, hicho kifo kiache nyumbani. Wakikuuliza kwa nini udaktari, jibu lile unalolijua kweli, hata likiwa fupi, hata likiwa "bado natafuta".

Na wewe, mama yake Rinsi, kwa maana najua utaisoma hii: hasira yako juu ya zile korido naielewa, na ni ya haki. Lakini umembebesha mtoto mzigo wako, kisha ukamwambia asiharakishe kwenye amani. Umewageuza wagonjwa wangapi? Unajua wazi kwamba neno lile ni la uongo.

Rinsi, simama sasa hivi. Barua yangu utaimalizia baadaye.

Saramma

*

Wasomaji wengi mmeuliza yaliyofuata. Rinsi amenieleza na ameniruhusu niyaseme.

Aliwaandikia chuo asubuhi ileile. Katibu wao alimjibu kabla ya chakula cha mchana, akampa siku nyingine na pole. Ndivyo ilivyokuwa rahisi.

Alipomwuliza bibi yake anaogopa nini, alitarajia kusikia hukumu ya Mungu, au maumivu. Bibi yule alisema anaogopa ardhi ya huko Marekani. Alishawahi kwenda kwenye mazishi ya rafiki yake wakati wa baridi, akaona mashine inavyopasua udongo uliogandamana kama zege, akawaza: mimi nitalala humu na wageni, mume wangu yuko peke yake Kottayam. Familia nzima ilikuwa imeshapanga makaburi ya karibu na nyumbani, na hakuna aliyemwambia, lakini alikuwa amesikia hilo pia.

Baba yake Rinsi alikuwa mlangoni, mahali pake pa siku zote. Safari hii aliingia. Alikaa kitandani, akamwambia mama yake, "Amma, nitakupeleka nyumbani. Mimi mwenyewe. Nitakaa na wewe ndege nzima." Ammachi akamwambia, "Utakaa juu na watu, mjinga wewe, mimi nitakuwa chini na masanduku." Wakacheka wote watatu, na Rinsi anasema baba yake alilia baadaye kwenye gari, gari limezimwa, na theluji imefunika kioo.

Ijumaa iliyogombaniwa ilifika ikapita, na Ammachi hakufa. Alikuwa mzima kuliko wiki nzima. Alikula, akagombana na hakimu wa kwenye televisheni. Alikufa Jumatano iliyofuata, Rinsi akiwa darasani kwenye maabara ya kemia. Walipomwita ofisini alishajua. Kwa hiyo hakufia mikononi mwake. Alifia mikononi mwa mwanawe, ambaye tangu siku ile hakurudi tena kusimama mlangoni, na haikuwa kwa amani. Alipigania pumzi asubuhi nzima, mofini ikasaidia kidogo, na mwishowe akaacha. Baba alimsimulia Rinsi yote bila kuficha, kwa sababu aliomba asifichwe.

Baba ndiye aliyemsindikiza mama yake mpaka Kottayam. Rinsi alibaki, akaenda kwenye usaili. Wakamwuliza kwa nini udaktari. Alijibu kwamba hana uhakika kama anautaka yeye au anatakiwa tu autake, lakini kuna jambo moja analotaka kulielewa, nalo ni kwa nini kwenye nyumba yenye muuguzi, na kasisi akipita kila wiki, mtu anaweza kuogopa mwezi mzima asiulizwe. Mmoja wao aliacha kuandika. Mwingine alitazama saa. Hawakumchukua.

Msimu ujao ataanza chuo cha serikali, somo la biolojia. Hajui bado. Nimemwambia aendelee kutojua, asome.

Mama yake alinipigia simu siku majibu yalipotoka. Alinitukana kwa Kimalayalam safi cha kijijini ambacho sikuwa nimekisikia tangu utotoni. Aliuliza kama nina mtoto, nikasema sina. Akasema ndiyo maana. Aliniuliza kama nimeridhika.

Nikamwambia hapana, sijaridhika.

Nilidhani atakata. Hakukata. Nilimsikia anapumua, na nyuma yake kengele ya mgonjwa inalia wodini, haina wa kuizima. Kisha akasema, polepole, kama anayenipa taarifa ya zamu, "Ile Jumatano nilikuwa hapahapa. Nilikuwa namgeuza mama wa mtu mwingine."

Kazi yangu ni kutoa ushauri, na sikuwa nao. Nikabaki kwenye simu mpaka alipoitwa kazini.