Mishkaki Wembley, na Mwaka Ambao Sikuishi Ohio

Jumapili, Oktoba inaisha. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyokulowesha haraka lakini hayakati. Saa zimerudishwa nyuma alfajiri kama Waingereza wafanyavyo kila mwaka, kwa hiyo leo nimepewa saa moja ya ziada ya kuwa na wasiwasi, nami nimeitumia yote.

Nimeingia ndani sasa hivi. Koti linanuka moshi wa mkaa.

Mnaopita hapa mnajua kwamba miezi mitano iliyopita niliacha kazi ya kutunza wazee, nikaingia ofisi moja ya bima ya Wamarekani. Niliandika hapa kwa mbwembwe, mkanipongeza. Ambacho sikuandika ni namna nilivyoipata. Kwenye fomu waliuliza kama nimewahi kuishi Marekani. Nikajaza: ndiyo, Ohio, mwaka mmoja, masomo ya uhasibu.

Uhasibu nimesoma kweli, ila ni madarasa ya jioni, hapahapa London, mtaa wa Stratford. Ohio nilikwenda wiki tatu, wakati wa baridi, kumsaidia binamu yangu aliyejifungua. Nilimwogesha mtoto, nilimpikia mzazi uji wa pilipili manga, theluji niliiona kupitia dirisha la jikoni. Basi.

Sikumwambia mtu.

Sasa, meneja wetu anaitwa Doug, naye ni mtu wa Ohio. Mrefu, mchangamfu, anakumbuka kwao kila siku ya Mungu. Mwezi huu ulipoanza alinikuta kwenye jiko la ofisi, ana tiketi mkononi. Timu mbili za kwao zinakuja uwanja wa Wembley kucheza mpira wao ule wa kubebwa mikononi, wachezaji wamevaa kofia ngumu. Akataka ofisi nzima ifanye tailgate kabla ya mechi.

"Rehema, wewe umeishi kwetu," akasema. "Unajua inavyokuwa. Wewe ndiye mwenyeji wetu."

Nikajibu sawa, bila shaka. Kisha nikaenda chooni kujiuliza tailgate ni kitu gani.

Nikatafuta kwenye intaneti. Kumbe watu wanafika uwanjani mapema, wanafungua buti za magari kwenye maegesho, wanachoma nyama, wanakula na kunywa wakiwa wamesimama mpaka mechi ianze. Nikacheka peke yangu mbele ya kompyuta. Kuchoma nyama na kulisha watu, mimi mtoto wa Tanga nifundishwe?

Kicheko hicho kilidumu siku mbili. Siku ya tatu Doug akapita mezani kwangu akasema mama yake naye anakuja, anapanda ndege kutoka huko huko. "Ana hamu ya kukuona. Mtakuwa na mengi ya kuzungumza."

Tangu siku hiyo silali vizuri.

Gari sina. Nilimwomba Mama Nassor wa Rayners Lane, Mzanzibari niliyefanya naye kazi miaka sita kwenye nyumba ya wazee. Mumewe ana duka la mazulia, na duka lina van. Jana nilikwenda kwake tutunge nyama kwenye vijiti, na hapo jikoni ndipo nilipomwambia ukweli wote. Nikamwomba, akiulizwa na mtu, aseme nilikaa mwaka.

Aliendelea kutunga nyama kama hakunisikia. Alipomaliza kijiti akakiweka kwenye sinia.

"Van nitakupa, mkaa nitakupa, na mie mwenyewe nitakuja nikupepelee moto," akasema. "Uongo sikupi, mwanangu. Sitakwenda kukusema. Lakini nikiulizwa nitajibu."

Nilirudi nyumbani na harufu ya kitunguu thomu vidoleni.

Leo tulifika saa saba mchana. Mkaa ulikuwa umepata unyevu njiani, ukagoma kabisa. Watu thelathini na zaidi wamesimama wananitazama, jezi juu ya makoti, chupa za bia mkononi, wakisubiri mtaalamu wa tailgate awashe moto. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Nassor akafungua milango ya nyuma ya van, akafunga turubai juu yake, akaliburuta jiko la mkaa chini ya turubai, akaanza kupepea kwa kipande cha boksi. Alipepea mpaka mtandio ukamteleza. Moto ukakubali.

Ilipotoka sinia ya kwanza, Doug alikula vijiti vinne amefumba macho. Watu wa gari la jirani wakaja kuuliza tunapika nini. Kwa mtu yeyote aliyekuwa akitazama, shughuli ilifana.

Mimi sikuonja hata kipande. Nilikuwa na kazi moja tu: kuhakikisha mama yake Doug na Mama Nassor hawakai karibu.

Bi Carol ni mwanamke mfupi, koti la mvua la njano, macho hayapitwi na kitu. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Ulikuwa unakaa upande gani?"

"Karibu na chuo."

"Chuo kipi, mpenzi?"

Nikasema nyama inaungua, nikakimbilia kwenye jiko. Nyama haikuwa inaungua. Ilikuwa mbichi.

Mara ya pili aliniuliza nilionaje kiangazi cha kwao. Nikasema kizuri sana, kila wikendi tulikuwa tunakwenda ziwani.

Akanitazama kidogo. "Ziwani," akasema. "Kutoka kwetu ni mwendo wa saa tatu."

"Tulikuwa na gari," nikajibu.

Mimi ambaye hata leseni sina.

Nilipogeuka kuchukua bakuli la kachumbari nikawaona. Wameketi wote wawili kwenye ukingo wa van, chini ya turubai, wanamiminiana chai ya tangawizi ya Mama Nassor. Mama Nassor anasimulia kwa mikono, Bi Carol anacheka mpaka ameshika goti. Nilipita pale mara tatu na sinia nikisoma nyuso zao, sikuona kitu. Kila Doug alipocheka na mtu pembeni nilihisi nachekwa mimi. Nilimwaga soda kwenye viatu vya mwenzangu wa ofisini nikaomba radhi kwa Kiswahili.

Mageti ya uwanja yalipofunguliwa, watu wakaanza kukusanya vitu vyao. Nikaona siwezi tena. Nikamwomba Bi Carol tuzungumze mbele ya van, mbali na wenzetu.

"Sikuishi Ohio," nikamwambia. "Nilikaa wiki tatu tu. Chuo sikusoma. Ziwa sijaliona."

Hakushtuka. "Rafiki yako hakunieleza chochote, kama ndicho unachoogopa," akasema. "Nilimuuliza kama mlikuwa mnaandikiana ulipokuwa kwetu. Akaniambia, hilo muulize mwenyewe. Hapo nikajua."

Nikavuta kola ya koti, mvua inanitiririkia shingoni.

"Mwanangu anakusifu sana kwenye simu," akaendelea. "Sitakwenda kumwambia. Lakini akiniuliza siwezi kumdanganya. Ni mtoto wangu."

Nilimkuta Doug anakunja meza, kidevu kina mafuta ya nyama. Nikasema yote kwa mkupuo. Kiingereza changu kilivunjikavunjika. Nilisikia nikisema "wiki tatu" mara nne au tano. Watu wakawa wanapita katikati yetu wakiimba, tukalazimika kusubiri wapite.

"Kwa nini?" akauliza.

Nikainama kuokota vijiti vilivyotupwa chini.

Akaibeba ile meza, akaipakia kwenye van, akarudi. Uso wake haukuwa wa hasira. Ningeuelewa wa hasira. "Kesho saa tatu, ofisini kwangu," akasema. "Sijui la kukwambia sasa hivi, Rehema." Akamshika mama yake mkono, wakaelekea getini.

Sikuingia uwanjani. Tulimwagia maji mkaa, tukakaa ndani ya van vioo vikijaa ukungu, na uwanja nyuma yetu unanguruma kwa mambo ambayo wala mimi wala Mama Nassor hatuyaelewi. Alinipa mishkaki miwili iliyobaki, imepoa. Nikaila. Ndicho chakula changu cha kwanza tangu jana.

"Umesema?" akauliza.

"Nimesema."

"Haya." Akawasha gari.

Muda wangu wa majaribio kazini unaisha baada ya wiki mbili, kwa hiyo kunitoa ni barua moja tu. Hilo nimelifikiria njia nzima. Nyumba ya wazee watanichukua tena, najua, na mgongo wangu unajua.

Lakini kinachoniogopesha zaidi ni lile swali lake la "kwa nini", kwa sababu kesho atalirudia na safari hii hapatakuwa na watu wanaoimba katikati yetu. Jibu ninalo. Nilipokuwa najaza ile fomu nilijitazama, madarasa yangu ya jioni, miaka yangu sita ya kugeuza wazee kitandani, nikaona sitoshi. Nikaazima mtu mwingine nikampeleka yeye.

Je, nitaweza kumwambia hivyo, saa tatu asubuhi, kwa Kiingereza, bila kulia?