Ndimu kwenye Shavu la Firauni

Jumapili, tarehe 3
Nimefagia, nimekanda unga. Salim mwanangu kaingia na Otieno, dereva wa kazini kwao, wamebeba kichwa cha jiwe. Firauni! Mfalme wa Misri ya kale, nyoka kamkalia kwenye paji. Mali ya bosi. Salim akitengenezee kibao cha kusimamia. Malaika hawaingii tena nyumba hii. Nimekifunika kanga, ndipo nikasali.

Jumatatu, tarehe 4
Salim asema wafalme hao walichongwa vijana hata wakizeeka. Kiburi. Picha yangu ya ikama, kibali cha kukaa huku ugenini, ina mikunjo yote.
Na kichwa chenyewe kichafu. Watu wazima hawajui kusafisha kitu.

Jumanne, tarehe 5
Nimekisugua ndimu na chumvi, kama masinia ya shaba ya marehemu mama. Jiwe likatoa povu. Likachemka kama lina roho! Nimesoma Ayatul Kursi, nimemwagia maji. Shavu moja lote vishimo. Nimemzeesha.
Mikono yangu haijui kukaa bure.

Alhamisi, tarehe 7
Kimerudi Olaya kwa bosi. Nimekifunga blanketi mwenyewe. Salim hakutazama.

Ijumaa, tarehe 8
Bosi kampigia Salim simu. Asema Otieno kakimwagia maji ya betri ya gari. Ikama ifutwe, halas, basi, arudi kwao Kenya.
Otieno kaja mlangoni. "Nyanya, si uliniona nikiibeba? Sema kitu."
Nikamwambia asinililie mlangoni. Nimejichukia. Sikula.

Jumamosi, tarehe 9
Nikisema, Salim atafukuzwa. Nikinyamaza, Otieno. Wanawe watatu, nimewaona kwenye simu yake.
Nimemwambia Salim. Hakunigombeza. Kasema tu jiwe la chokaa huliwa na ndimu. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Jumapili, tarehe 10
Nimekwenda Olaya. Shingo nimeinyoosha. Nimemwonesha bosi mikono yangu, Salim akafasiri.
"Ndimu, ya hajja? Ndimu?" Mara tatu.
Otieno abaki. Salim abaki mpaka mkataba uishe, baadaye Mungu ajuaye. Mimi nirudi Unguja. Hilo nililisema mwenyewe, kabla hajalitamka.

Alhamisi, tarehe 14, Jidda
Niko Hindawiyah kwa binamu yangu, nangoja ndege ya kesho. Otieno kapiga simu kuuliza kama nimefika salama. Nikamwambia ale vizuri, amekonda.
Binamu ana sinia la shaba, jeusi tii. Ndimu zimo bakulini, hapa mbele yangu.
Nimekaa. Mikono nimeipakata.