Gari Lisiwashwe

Baba watoto,

Nimewahi basi, naenda kumuuguza mama. Nitakaa wiki kadhaa. Umegoma kuniaga, basi nakuaga kwa kalamu.

Gari lisiwashwe mpaka daktari akupime tena. Nimechomoa waya wa betri, kwa hiyo haitakufa. Breki ya mkono nimeiachia isigande, ndiyo maana nimeweka matofali kwenye magurudumu. Wewe na binti yetu fungueni boneti mara mojamoja muangalie panya. Upepo wa matairi atakuja kuongeza fundi. Fundi, si wewe.

Alfajiri nimesikia injini, nikatoka mbio peku. Eti, "Nalipasha moto tu, mke wangu, betri isife." Unapasha moto injini huku umefunga mkanda? Na gia ya kurudi nyuma umeshaingiza! Juzi tu ulizimia kwenye usukani, majirani wakakutoa mtaroni. Nikikukumbusha unaninunia.

Na wewe binti yangu, nakujua. Baba yako akikubembeleza kidogo tu unalegea. Ukimrudishia ule waya, mimi na wewe tutakosana.

~~Ufunguo naondoka nao.~~

Ufunguo uko kwenye kopo la majani ya chai. Nilishafika getini nao, nikarudi. Sikuolewa na mtoto wa kufichwa vitu.

Siku nikirudi, uje kunipokea stendi. Kwa miguu, mzee wangu. Hata ukichelewa nitakusubiri, ila uje.

Mama watoto