Korti Imemwamini Neema

Tala, Jumanne

Nimemwonea Neema wivu, na naona aibu hata kuandika. Yeye husuka nywele kando ya kibanda changu sokoni. Kwao Kongo waasi walimteka, kamanda akamfanya mke. Leo redio imesema korti ya kimataifa inahesabu ndoa kama hiyo kuwa uhalifu.

Neema alilia, halafu akacheka. "Kumbe sikuwa bibi yake."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba alipokea mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kufunga ndoa kwetu Wakamba, nikawa nimeolewa bila kuulizwa. Hakuna aliyeshika bunduki, kwa hivyo...

"Wewe Mama Mutua ulitolewa kwa heshima," akaniambia. "Mbuzi wakachinjwa, watu wakala."

Nikaitikia. Hata mimi nilikula. Nilikuwa na njaa.